Maji ya Fedha na Rangi ya Kaka Yako

S.L.P. 41,
Tamarack Fork,
Idaho.

24 Agosti 2008

Mpendwa wifi yangu Maurine,

Natumaini barua hii itakukuta mzima na goti lako limetulia. Je, yule daktari alikuchoma ile sindano aliyokuahidi, au bado unashuka ngazi kinyumenyume kama ulivyonieleza wakati wa Pasaka? Ninaliombea goti hilo kila Jumapili, na Jumapili nisipoliombea ni kwa sababu mchungaji amehubiri mpaka nikasinzia. Sisi huku ni wazima. Mvua imetunyima tangu mwanzo wa Julai, lakini kisima hakijakauka, na mipichi imezaa mpaka matawi tumeyawekea nguzo. Ninapokuandikia vidole vyangu vinanata kwa sharubati ya pichi, kwa hiyo ukiona doa hapo juu usidhani ni machozi. La chini pengine litakuwa machozi, lakini hilo la juu ni pichi.

Barua yako ya tarehe nane tuliipata. Niliisoma mimi, akaisoma Verl, akaikunja akaiweka chini ya redio. Najua ulivyoumia. Binti yako wa pekee anaolewa, baba yake hayupo tena duniani, anamwomba mjomba wake amshike mkono ampeleke mbele ya kanisa, na mjomba mtu anajibu kwa mistari minne kwamba mgongo unamsumbua. Ningekuwa mimi ningeandika makali kuliko hayo uliyoandika. Umesema Verl amesahau damu yake. Neno hilo lilimchoma, Maurine, na ninakuambia si kwa kukulaumu.

Mgongo wa Verl hauna kitu. Wiki iliyopita alipakia marobota mia moja na arobaini ya majani makavu peke yake, nami nilikuwa nimekaa juu ya trekta nikila karanga. Alidanganya. Hakukataa kwa sababu hampendi Janeal, maana picha ya Janeal ya kuhitimu shule bado iko kwenye kioo cha gari lake, imepauka mpaka mtoto hana pua. Amekataa kwa sababu anaona aibu ya uso wake. Leo nimepiga moyo konde nikueleze yote. Tumekuficha kwa miaka miwili, na ndani yake kuna jambo moja ambalo nimemficha hata yeye.

Unakumbuka mwaka wa tisini na tisa, watu walipokuwa wakisema kompyuta zote zitachanganyikiwa mwaka elfu mbili ukiingia, umeme ukatike, maduka yafungwe na dawa zisipatikane? Wewe ulicheka kwenye simu mpaka ukapaliwa. Sisi hatukucheka. Katika bonde hili barabara ikifungwa na theluji wiki mbili, mtu hahitaji kuambiwa maana ya duka kufungwa. Tulijaza ghala ngano, maharagwe na mishumaa kama majirani wote. Lakini Verl hakuwa akiwaza chakula, alikuwa akiwaza dawa. Sina haja ya kukukumbusha jinsi mama yenu alivyofariki kwa kichomi ndani ya gari, Verl akiwa kwenye usukani, theluji imefika magotini, na dawa iko mjini maili arobaini. Alikuwa na miaka ishirini na mbili. Hajawahi kunisimulia safari ile mpaka mwisho hata siku moja.

Basi kwenye maonyesho ya vifaa vya kujiwekea akiba, kule ukumbini, kulikuwa na bwana mmoja akifundisha watu kutengeneza maji ya fedha. Nasema fedha ile ya madini, ya vijiko na vikuku, si ya mfukoni. Alisema fedha ikiyeyuka ndani ya maji kwa chembe ndogo zisizoonekana, huua kila kijidudu, na hakuna haja ya daktari wala duka la dawa. Verl alirudi nyumbani na nyaya mbili zimefungwa kwenye leso, anazibeba kama mayai. Nikamuuliza, "Mzee, umeninunulia hereni?" Akasema, "Nimekununulia uhai, mama. Leta chupa."

Kazi yenyewe ni rahisi, na nadhani mtego ulikuwa hapo hapo. Unachukua chupa ya kioo, zilezile ninazosindikia maharagwe na matunda. Unatia maji ya mvuke, yale yanayouzwa kwa galoni, yasiyo na chochote ndani yake. Unatumbukiza nyaya mbili za fedha zisigusane, unazibana na vibanio vyenye meno, unaunganisha na betri tatu za mraba zilizoshikamana, halafu unangoja. Saa tatu, saa nne, huoni kitu. Verl alikuwa akifunga mapazia na kumulika chupa kwa kurunzi, na mwali ukionekana umenyooka ndani ya maji basi ananiita kutoka bustanini. "Mama, njoo uone! Imeshika!" Mimi namjibu, "Naona maji, mzee. Hata jana nilikuwa nayaona." Anacheka. Alikuwa na furaha sana siku hizo, Maurine. Nadhani ilikuwa mara ya kwanza tangu msiba ule yeye kuona theluji ikianguka bila kukunja uso.

Akawa anakunywa nusu glasi kila asubuhi kabla ya chai. Mimi nilijaribu wiki moja nikaacha, maana ilikuwa kama kulamba kijiko kitupu. Nilimwambia nikiugua nitakunywa supu. Mwaka elfu mbili ukaingia, taa hazikuzimika, tukabaki na ngano ya kulisha kikosi cha jeshi. Lakini maji ya fedha hayakuachwa. Hakupata mafua majira yale ya baridi, basi akayapa sifa zote, na sikuwa na moyo wa kumwambia kwamba hata mimi sikupata.

Sasa ninafika pale panaponiuma. Mwaka elfu mbili na mbili walimhamishia zamu ya alfajiri pale kwenye kiwanda cha mbao, akarudi kila siku amechoka hoi, na kazi ya maji akaniachia mimi. Chupa nzima kila wiki. Nikakubali, kwa kuwa mume anayeomba kitu kimoja tu huwezi kumnyima. Lakini ilikuwa Agosti kama sasa. Wewe uliyezaliwa katika nyumba hii unajua Agosti ilivyo. Meza yote imejaa chupa, jiko linawaka tangu asubuhi, maharagwe mabichi ndoo tatu, nyanya zinaoza zikikungojea, mvuke umefunika madirisha. Na katikati ya chupa zangu arobaini kuna chupa moja ya Verl yenye nyaya inakalia nafasi yangu kwa saa nne.

Unajua mkono wa mtu anayesindika. Chupa ya maharagwe, chumvi. Chupa ya nyanya, chumvi. Unapita mstari mzima na kijiko bila hata kutazama, huku ukiwaza mambo mengine. Nikapita, na chupa ya Verl ilikuwa katika mstari, ikapata chumvi yake kama wenzake. Kabla sijakasirikia ujinga wangu, maji yakaanza kutoa moshi mweupe kwenye waya mmoja, kama maziwa yakimwagika kwenye chai. Baada ya dakika ishirini maji yote yalikuwa yameshika. Dakika ishirini, wifi, badala ya saa nne! Nikasema moyoni, LaRue, leo umevumbua kitu.

Ya kwanza ilikuwa bahati mbaya. Ya pili haikuwa. Nilitia chumvi kila wiki kwa miaka minne. Niliyaacha maji yatulie, nikayamimina kwenye zile chupa za rangi ya kahawia ambazo Verl alisema huyakinga na mwanga, na ndani ya chupa ya kahawia hakuna mtu anayeona weupe. Sikumwambia. Mwanzoni sikumwambia kwa sababu angenikatalia, baadaye kwa sababu nilikuwa nimeshachelewa kumwambia. Yeye alikuwa akinisifu. Anakunywa, anapangusa mdomo, anasema, "Mama, mkono wako mzuri kuliko wangu. Ya kwako yana nguvu." Nami nilikuwa nikifurahi kusifiwa. Hilo ndilo linaloniumiza kuliko yote.

Majira ya kuchipua ya mwaka elfu mbili na sita tulikwenda pamoja kutengenezewa leseni mpya za udereva. Msichana wa pale akampiga picha Verl, akatazama kioo cha kompyuta yake, akasema, "Samahani babu, leo kamera yetu inatoa rangi ya bluu. Hebu tupige nyingine." Akapiga. Akapiga ya tatu. Halafu akanipiga mimi ajaribu, nikatoka mwekundu kama kawaida yangu. Yule binti akaitoa picha ya leseni ya zamani akaiweka kando ya mpya. Verl akatazama zote mbili muda mrefu, akavua kofia, akainama akatazama kwa karibu, akasema, "Haya, mwanangu, chapisha tu hiyo. Kamera yako haina kosa."

Miaka thelathini na minane nilikuwa nimekaa naye meza moja wakati ule, na sikuwa nimeona. Nilidhani amechoka. Nilidhani ni kuzeeka, ni vumbi la mbao, ni mwanga wa jikoni. Mtu anayebadilika kidogokidogo mbele yako kila siku humwoni. Nilimwona siku ile njiani tukirudi, mikono yake juu ya usukani, kucha zake na ngozi yake vya rangi ya wingu la mvua, na uso wake vilevile mpaka kwenye ukosi wa shati. Chini ya shati hakuwa hivyo sana, maana jua ndilo hukoleza.

Tukaenda kwa daktari mjini, mama mmoja mpole. Hakumcheka. Alimwambia fedha imekaa ndani ya ngozi na haitoki, si kwa sabuni wala kwa kidonge. Haitamuua, lakini ayaache maji yale siku hiyohiyo, kwa sababu tumboni mwa mtu hayaponyi chochote. Halafu akauliza, "Mlikuwa mnatia kitu kingine kwenye maji? Chumvi? Soda ya kuokea?" Mimi nilikuwa nimekaa palepale na mkoba magotini. Kabla sijafungua mdomo Verl akajibu kwa kujiamini kabisa, "Hapana, mama. Maji na fedha tu. Anayetengeneza ni mke wangu, na kwa usafi hana mpinzani." Daktari akasema basi ni wingi wa miaka. Akaeleza kwamba wengine hutia chumvi kuharakisha, na hao fedha huwaingia nyingi sana. Akaandika kitu kwenye karatasi yake, nami nikanyamaza. Nimenyamaza tangu siku ile hadi leo asubuhi.

Usidhani amekuwa mnyonge. Mwanzoni alijitania mwenyewe. Pale mgahawani wenzake wa kiwandani wakampa jina. Akiingia wanasema, "Haya, Bluu amefika, tuchukue miavuli?" Naye anawajibu, "Chekeni, nyie mmetoka wekundu kwa bia, mimi nimetoka hivi kwa afya." Wakacheka, akacheka. Lakini nilikuwa naona anavyokaa garini muda kabla ya kushuka.

Kilichomvunja ni kile kifungua kinywa cha maonyesho ya kilimo, mwaka jana. Unakumbuka yeye ndiye wa kukaanga chapati za maji tangu enzi za baba yenu, amevaa ile aproni ya jogoo. Mama mmoja mgeni alikuwa kwenye foleni na sahani yake, akapokea chapati mbili kutoka mkononi mwa Verl, akatazama ule mkono, akairudisha sahani mezani taratibu akaondoka bila kusema kitu. Hakuwa na ubaya yule mama, aliogopa maradhi. Verl akaendelea kukaanga mpaka unga ukaisha. Alipofika nyumbani akatundika aproni kwenye msumari wa ghalani, na tangu hapo hajasimama mbele ya watu. Kwaya ameacha. Mgahawani haendi. Akienda dukani anavaa glavu hata katika joto hili. Amefuga na ndevu eti zimfiche, nazo ni nyeupe pepe, basi sasa ndiyo bluu inaonekana hata ukiwa ng'ambo ya barabara. Nimemwambia hivyo. Hakucheka.

Ndiyo sababu hatukukutumia picha, wala hatukuja ulipotualika Krismasi. Haikuwa theluji. Barabara ilikuwa nyeupe kidogo tu.

Barua ya Janeal ilipofika, ile ya kumwomba amshike mkono, aliisoma amesimama mlangoni. Nilimwona anatabasamu, Maurine, naapa, alitabasamu mpaka masikioni. Halafu akatazama mkono wake ulioshika karatasi. Nikamwambia, "Utakwenda, mzee, si ndiyo?" Akasema, "Nimharibie mtoto siku yake? Watu wote wamtazame mjomba badala ya bibi harusi?" Nikamwambia Janeal hatajali. Akasema, "Mimi najali. Ningekuwa nimezaliwa hivi ningekwenda kifua mbele. Lakini nimejifanya hivi mwenyewe, kwa ujuaji wangu, nikikunywa kila asubuhi na kujisifu. Mpumbavu aliyejipaka rangi kwa mkono wake akae kwake."

Kwa mkono wake. Nimeyabeba maneno hayo wiki tatu. Nimeyapikia, nimeyafulia, nimelala nayo. Jana nilikuwa nasindika maharagwe na kijiko cha chumvi mkononi, nikashindwa kuendelea, nikakaa kwenye kigoda nikalia mpaka chungu kikaungua. Verl akaja akafungua madirisha, akanisugulia chungu, akadhani nalilia chungu.

Si mkono wake, wifi yangu. Labda angegeuka rangi kidogo hata bila mimi, daktari tu ndiye ajuaye. Lakini nguvu aliyokuwa akiisifu ilikuwa chumvi yangu, na haraka ilikuwa yangu, na kimya ni changu. Anajificha kwa aibu ambayo zaidi ya nusu yake ni yangu, nami natembea mjini na uso wangu mwekundu, watu wakinipa pole kwa kuolewa na mtu mkaidi. Nimeandika haya kwako kwanza kwa sababu kwa mdomo nimejaribu mara nne nikaishia kumuuliza kama anataka chai.

Sasa nimeamua hivi. Bahasha siifungi. Nitaiweka barua hii kando ya sahani yake, kisha nitatoka niende kwenye mipichi, aisome peke yake bila mimi kumtazama usoni. Akiichana, hutaipata, na nitajua la kufanya. Ikikufikia, ujue ameisoma na ameiachia ije. Na kama hatakuja harusini hata hivyo, nakuomba usimwite tena mtu aliyesahau damu yake. Niite mimi jina lolote utakalo.

Msalimie sana Janeal na mchumba wake Tobin, mwambie shali niliyomfumia iko tayari na nitaituma kwa posta kama sitaileta kwa mkono. Msalimie shangazi yenu Ardith, na kama bado hasikii basi mpigie kelele kwa niaba yangu. Mungu akupe miguu ya kucheza siku hiyo, na akuongezee uvumilivu kwa ndugu wa aina yetu.

Ni mimi wifi yako ninayekupenda, hata kama leo utanichukia kidogo,

LaRue

Dada Maurine,

Hapa ni mimi Verl. Nimeisoma mara mbili. Baada ya mara ya kwanza nilitoka nikapasua kuni ambazo hatutazihitaji mpaka Januari.

Sitakudanganya tena, nimekasirika. Nadhani nitakasirika mpaka Jumatano. Miaka minne, na mimi nikimsifu! Lakini nikiwa pale kwenye kuni nilijikuta nawaza jambo jingine. Tangu siku ya daktari nimekuwa mjinga peke yangu. Nimekula nao mezani ujinga huo, nimelala nao, nikimtazama LaRue na kusema, huyu mwanamke mwenye akili anawezaje kuvumilia kuishi na mtu kama mimi. Hujui upweke wake, dada. Kumbe muda wote nilikuwa na mwenzangu humu humu jikoni.

Mwambie Janeal nimekubali, kama bado ananitaka. Nitakutumia picha wiki hii, uwaonyeshe wakwe mapema watazame mpaka wachoke, ili siku yenyewe wamtazame yeye. Ndevu nazinyoa. Ule uongo wa mgongo unisamehe.

LaRue yuko kule miti ya mwisho, anajifanya anachuma. Naona ndoo kutoka hapa dirishani, haina hata pichi moja. Amekaa juani saa nzima akidhani siji. Naacha hapa, naenda kumchukua.

Kaka yako,
Verl